Mgeni wa Siku Mbili na Mgeni wa Jembe: Ibn Battuta Kilwa na Mali

Kuna maneno machache ya Ibn Battuta ambayo karibu kila mtu wa pwani aliyefika sekondari anayajua. Ni pale anapousifu mji wa Kilwa kwamba ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Maneno hayo yamo katika vitabu vya historia vya shule, yamo katika vipeperushi vya watalii, na mzee akitaka kumnyamazisha mtu anayedai kuwa Waafrika hawakuwa na miji kabla ya kuja Mzungu, huyatoa kama askari anavyotoa kitambulisho. Alikuja 1331, akaona, akasifu. Basi, kesi imekwisha.

Mimi nasema kesi haijaanza hata kusikilizwa. Katika makala haya nataka kudai jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji: kwamba sura ya Kilwa, pamoja na utamu wake wote, ni sura nyepesi, na kwamba sura ya Mali, ambamo msafiri huyuhuyu ananuna, anawacheka watu na kukidharau chakula chao, ndiyo hasa kazi ya fasihi. Sisi vijana tunaotaka kuandika juu ya nchi za watu, tutajifunza zaidi katika ile inayotuuma kuliko katika ile inayotubembeleza.

Nimezisoma sura zote mbili katika kitabu kimoja kidogo, *Ibn Battuta in Black Africa*, tafsiri ya Kiingereza ya Said Hamdun na Noël King iliyotoka mara ya kwanza 1975. Faida ya kitabu hiki ni kwamba kimeziweka pamoja safari mbili ambazo katika kitabu chenyewe cha Kiarabu zimetengwa na kurasa nyingi mno. Unamaliza pwani ya Afrika Mashariki, unaingia Sahara, na mtu unayekutana naye ni yuleyule, lakini jamani, si yuleyule.

Kwanza tumjue msimulizi wetu. Alizaliwa Tangier, Moroko, 1304. Akaondoka kwao 1325, kijana wa miaka 21, kwenda kuhiji. Mwenyewe anatuambia kwamba aliondoka peke yake, bila rafiki wa kuzungumza naye njiani wala msafara wa kujiunga nao. Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea wasafiri, huyu anamsalimia yule, yule anamkumbatia huyu, na yeye hakuna aliyemsalimu kwa sababu hakuna aliyemjua. Akalia. Hadi mmoja wa mahujaji alipomwona na kuja kumliwaza. Kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu kizima kinapoanzia. Mtu aliyelia Tunis kwa kukosa salamu atatumia karibu miaka thelathini akipima kila nchi kwa jambo moja: walinipokeaje?

La pili la kujua ni kwamba hakuandika akiwa njiani. Aliporudi Moroko moja kwa moja, Sultani wa Fez aliamuru safari zake ziandikwe, naye akamsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, kazi ikamalizika mwishoni mwa 1355. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Kilwa aliisimulia baada ya miaka ishirini na zaidi. Mali alikuwa ametoka huko juzijuzi tu, vumbi bado liko kwenye nguo. Ukisoma utaiona tofauti hiyo bila kuambiwa na mtu.

Haya, tuingie pwani. Mogadishu anatueleza chakula: wali uliopikwa kwa samli, juu yake vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili na embe. Kisha anaongeza kwamba mtu mmoja wa huko hula chakula cha watu wengi wa kwao. Hapo nilicheka. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini usiku huo akaona jambo ambalo mtu wa haraka asingeliona: watu hutembea miguu mitupu, na mlangoni mwa msikiti kuna kisima na kata ya kutekea maji, kila mtu huosha miguu na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia. Hivi ni vipande vizuri. Ni vitu vya tumbo na vya miguu, na mwandishi hawezi kuvibuni.

Lakini akifika Kilwa, macho yanafumba. Anausifu mji, halafu anasema wote ni wa miti na mapaa yake ni ya majani. Sasa, Neville Chittick alichimbua Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, na mtu yeyote aliyefika huko ameona kilichopo: Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, mawe ya matumbawe na chokaa, na wataalamu wanaihusisha Husuni Kubwa na sultani huyuhuyu aliyempokea Ibn Battuta, al-Hasan bin Sulaiman. Labda aliyenakili alikosea. Labda nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa kweli za miti na majani. Labda kumbukumbu ya miaka ishirini ilimchezea. Vyovyote iwavyo, sentensi tunayoitegemea kama cheti cha majumba yetu ya mawe inafuatwa papo hapo na sentensi isiyoyataja mawe hata kidogo. Tunaikata nusu, tunaibandika ukutani.

Na kuna la kukata zaidi. Nusu kubwa ya sura ya Kilwa si mji, ni ukarimu wa sultani, ambaye watu walimpa lakabu ya baba wa zawadi. Kisa chake kikubwa ni hiki. Siku ya Ijumaa fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaenda kubadilisha, akampa. Mwanawe sultani akazichukua nguo zile kwa fakiri na kumlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msimulizi ameridhika kabisa, anaendelea na safari. Ni kweli ukarimu huo? Watu ishirini kwa kanzu moja! Na ukurasa huohuo anasema sultani alikuwa akienda kupigana mara kwa mara na watu wa bara na kuchukua mateka. Kwa hiyo zawadi ilitoka kwa nani, na kwa idhini ya nani? Yeye haulizi. Wala sisi tunaomnukuu hatuulizi. Tumechukua sifa, tumewaacha wale ishirini mlangoni mwa msikiti bila jina.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pwani Ibn Battuta alikuwa mgeni wa siku mbili. Alikuja na pepo za kaskazi, akalishwa, akapewa, akaondoka. Kila mtu alikuwa amevaa nguo za sikukuu, naye pia. Sifa za mgeni wa siku mbili ni kama sifa za mtu aliyeonja harusi akadhani ameijua ndoa.

Mali ilikuwa mambo mengine. Aliondoka Sijilmasa mwanzoni mwa 1352, akavuka Sahara, akapita Taghaza, kijiji cha machimbo ambacho nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia, maji yake ya chumvichumvi na nzi tele. Akafika Walata kwenye joto kali, akakaa kama siku hamsini, kisha akaenda hadi mji mkuu wa Mansa Sulayman, ambako alikaa miezi minane hivi, hadi Februari 1353. Miezi minane, bwana! Hapo jembe lazima litoke.

Nalo lilitoka mapema. Walata wageni waliitwa kwenye karamu, wakaletewa uwele uliotwangwa, ukachanganywa na asali kidogo na maziwa ya mgando, ndani ya nusu ya kibuyu. Ibn Battuta akauliza kama hicho ndicho walichoitiwa. Akaambiwa ndiyo, na hiyo kwao ni karamu kubwa. Akaamua palepale kwamba hakuna jema la kutarajia kwa watu hawa, akataka kurudi kwao. Mtu aliyeimba wali wa Mogadishu kwa samli, leo anasusa kibuyu. Lakini angalia: katika hasira yake ametuhifadhia kile kibuyu. Tunajua kilikuwa na nini, kilipimwaje, kilitolewaje. Chuki yake imetulisha kuliko shukrani ya wengi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote nacho ni cha Walata. Aliingia nyumbani kwa mwenyeji mmoja Mmasufa, mtu mwenye elimu aliyewahi kukaa Moroko. Akamkuta amekaa kwenye mkeka, na katikati ya nyumba kuna kitanda chenye kivuli, juu yake amekaa mkewe akizungumza na mwanamume mwingine. Nani huyu? Ni mke wangu. Na huyo? Ni rafiki yake. Mgeni akashangaa: wewe umeishi kwetu, unaijua sheria, unaridhika na jambo hili? Mwenyeji akamjibu kwamba urafiki wa wanawake na wanaume kwao ni jambo la heshima, halina tuhuma, na wanawake wao si kama wa huko kwa Ibn Battuta. Msafiri akatoka. Akaalikwa tena na tena, hakurudi.

Soma tena hapo. Kilwa hakuna mwenyeji hata mmoja anayemjibu mgeni. Sultani anatoa, raia wanashukuru, picha imetulia. Hapa Walata mwenyeji amepewa mdomo. Tena amepewa neno la mwisho, na msimulizi, ijapokuwa hakubaliani nalo hata chembe, amelifikisha hadi Fez na kuliweka kitabuni mbele ya sultani wake. Huo ndio ninaouita uaminifu wa mwandishi. Si kumpenda mwenyeji. Ni kumwachia jibu lake.

Kisha kuna kisa cha mamba. Alikwenda mtoni kujisaidia, na mtu mmoja akaja akasimama kati yake na maji. Ibn Battuta akakasirika: watu gani hawa wasio na haya! Akalalamika kwa mwenzake. Akaambiwa yule alikuwa akimkinga, kwani mtoni mlikuwa na mamba. Angeweza kukificha kisa hiki, maana kinamwaibisha yeye. Hakukificha. Kwa mistari michache amesema kila kitu kuhusu kusafiri katika nchi ya watu: unaiona kama dharau ile iliyokuwa roho yako inaokolewa. Na anauita mto ule Nili, ambao ni Niger. Hata mto hakuujua ni upi, ila yule aliyesimama alijua vilivyomo.

Tuseme ukweli pia juu ya hilo neno "peke yake". Kufika Mali hakuwa tena yule kijana wa Tunis. Kutoka Walata alikodi kiongozi wa njia na kwenda na wenzake watatu, kwani njia zilikuwa salama hata msafara haukuhitajika. Mji mkuu alifikia katika mtaa wa watu wa kwao wa Kaskazini, ambao walikwisha kumtafutia nyumba. Kwa sultani alizungumza kupitia mkalimani, Dugha. Kwa hiyo upweke wake ulikuwa na mto wa kulalia. Ni kama mgeni wa leo anayekaa hoteli wanakokaa wenzake, anatoka mchana kuangalia watu, jioni anarudi kuwasengenya kwa lugha yake. Mengi ya machungu ya sura hii yananuka mtaa ule. Pale anapokuwa barabarani na wenzake watatu, ananunua chakula kwa wanawake wa vijijini kwa vipande vya chumvi, shanga na viungo, hana uchungu. Ndipo anapoona mibuyu mikubwa, na ndani ya mmoja uliokuwa na uwazi anamkuta mfumaji amesimika kitanda chake cha mfumi na anafuma nguo. Anashangaa tu. Hahukumu.

Na ile zawadi, kipimo chake cha siku zote! Baada ya kuugua miezi miwili, akaambiwa zawadi ya mfalme imekuja. Akainuka akitarajia majoho na dhahabu. Kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka kwa kuwadharau. Baadaye akasimama mbele ya Mansa Sulayman akamwambia kwamba amezunguka dunia na kukutana na wafalme wake, na yuko hapa miezi minne bila zawadi wala chochote. Je, aseme nini juu yake kwa masultani wengine? Mfalme akajibu kwamba hakumwona wala hakupata habari zake. Wakuu wakamshuhudia, akapewa nyumba na posho, baadaye mithkali thelathini na tatu na theluthi za dhahabu, na siku ya kuondoka mithkali mia. Hapa mwandishi ametufungulia duka lake. Kumbe sifa ina bei! Ukisoma hili, rudi Kilwa usome upya baba wa zawadi. Mizani ni ileile. Kilwa ilijaa upesi, Mali ilichelewa.

Lakini hata baada ya kulipwa hakuwa kasuku. Anawasifu watu wa Mali kwa kuchukia dhulma, kwa usalama ambao msafiri wala mkaazi haogopi mwizi, kwa kutogusa mali ya mgeni aliyefia kwao, kwa kuwahi msikitini Ijumaa hadi mtu hutuma mkeka kushika nafasi, na kwa bidii ya kuwahifadhisha watoto Korani. Anawalaumu kwa wajakazi na wasichana kutembea uchi, kwa kujimwagia vumbi kichwani mbele ya mfalme, kwa kula mizoga na mbwa. Anawacheka malenga wa mfalme waliovaa vazi la manyoya lenye kichwa cha ndege na mdomo mwekundu. Na tena, baada ya kuwacheka, anatueleza walichokuwa wakisema: kwamba kiti hiki walikikalia wafalme kadha wa kadha na wakatenda mema kadha wa kadha, nawe tenda mema yakumbukwe baada yako. Alicheka vazi, akahifadhi shairi. Sisi wenye malenga wetu tumshukuru kwa shingo upande.

Najua nitakalojibiwa. Wenzangu watasema: huyu alitutukana, tena mwaka huohuo 1353 alirudi kwao na msafara uliokuwa na wasichana watumwa kama mia sita, wala hakuhuzunika, wewe unamwita mwandishi bora? Sijamwita mtu bora. Hilo la msafara ni doa ambalo hakuna hakiki ya fani itakayolifua, na ni doa lilelile la watu ishirini wa Kilwa. Ninachosema ni kwamba ukimsoma Mali unamwona na doa lake, na unawaona wenyeji wakimtazama. Ukimsoma Kilwa kwa kipande, humwoni yeye wala wao. Unajiona wewe, msomaji, ukijipongeza.

Na hapa ndipo linapotuhusu sisi wa magazeti haya madogo. Kijana wetu akienda Muscat, Dubai au Bombay, akirudi anatuandikia mambo ya siku mbili: ghorofa, barabara, soko la dhahabu, watu wakarimu sana. Au akikasirika anatuandikia hasira peke yake, watu wale wana kiburi, basi. Hatupati kibuyu kilikuwa na nini. Hatupati mwenyeji alijibu nini. Ukiweza kuandika tusi lako na jibu la mwenye nyumba katika ukurasa mmoja, na jibu likawa na nguvu kuliko tusi, umeanza kuandika. Na kama kuna mtu alisimama kati yako na mto, mtaje hata kama hukumwelewa.

Kwa sisi tunaotaka kuandika riwaya kuna deni jingine. Katika kitabu hiki chote wenyeji wamo kwa idhini ya mgeni. Yule fundi ndani ya mbuyu alikuwa ameinama kwenye mfumi wake, akapita mtu wa Kaskazini na wenzake watatu, akasimama akashangaa, akaenda zake. Nasi tumebaki na mshangao wa aliyepita. Nguo ile ilikuwa ya nani, fundi aliiuza kwa vipande vingapi vya chumvi, na jioni alimwambia nini mkewe juu ya mtu aliyemkodolea macho kana kwamba hajapata kuona kivuli kikitumika? Hayo hayamo kitabuni kwa Ibn Battuta, wala hatuwezi kumdai. Ni kazi ya atakayekaa hadi siku ya tatu.